Dominika ya Matawi: Mwanahistoria na Katekesi Yetu



Leo tumesoma Mateso ya Bwana wetu, nasi sote tumepaza sauti pamoja na umati uliotaka asulibiwe. Mama Kanisa anatuweka ndani ya umati ule kwa sababu dhambi zilizomfikisha msalabani ni zetu. Hata hivyo, wengi wetu tuliofundishwa zamani tulitoka darasani na fundisho jingine: kwamba waliopiga kelele ni taifa fulani, na kwamba taifa hilo limelaaniwa.

Jules Isaac, Myahudi wa Ufaransa, alikuwa mwanahistoria ambaye vitabu vyake vilisomwa sana shuleni. Mwaka 1940 serikali ya Vichy ilimwondoa katika cheo cha mkaguzi mkuu wa elimu kwa sababu tu ya Uyahudi wake. Oktoba 1943 mkewe na binti yake walikamatwa, naye akanusurika kwa kuwa hakuwapo nyumbani saa ile. Hao wawili hawakurudi kutoka Auschwitz. Mzee akabaki na mswada wa kitabu ambao mkewe alikuwa amemhimiza aumalize.

Kazi yake ilikuwa ya subira. Alizifungua Injili katika Kigiriki, akaweka kando yake maneno ya wafafanuzi na ya vitabu vya mafundisho, akalinganisha. Akaona kwamba Yesu, Mama yake na Mitume walikuwa Wayahudi; kwamba makutano walimfuata kwa furaha; kwamba Wayahudi wengi waliishi mbali na Palestina karne nyingi kabla, hata hawakupata kumwona. Basi, kutawanyika kwao kungewezaje kuwa adhabu ya kifo ambacho hakijatokea? Hitler alizungumza habari za damu, si za imani. Lakini Isaac alionyesha kwamba shamba lilikuwa limelimwa kwa dharau ya Wakristo. Maneno hayo yanatuchoma, wala hatuna haki ya kuyakwepa.

Kitabu chake, Jésus et Israël, kilitoka mwaka 1948. Tarehe 13 Juni 1960, akiwa na umri wa miaka 82, alipokelewa na Papa Yohane XXIII, akamkabidhi hoja zake. Papa alimwagiza Kardinali Augustin Bea aishughulikie habari hiyo. Isaac alifariki mwaka 1963. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko Nostra Aetate, kwa kura 2,221 dhidi ya 88: Mateso ya Bwana hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya wale wa leo.

Ninyi makatekista, yafungueni madaftari yenu ya mafundisho, hasa yale mliyorithi. Tamko hilohilo lanena kwa heshima juu ya Waislamu. Je, tunayowaambia watoto kuhusu majirani zetu hao tumeyasoma mahali, au tumeyasikia kilabuni?

Mwaka 1959 Papa Yohane aliliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno lililowaita Wayahudi wasioaminika. Ijumaa hii tutawaombea kama watu ambao Mungu alisema nao kwanza. Atakayesoma nia hiyo aisome polepole.