Vyuo vya Udaktari vya Kutafuta Faida: Nani Atamkagua Mwenye Chuo?



Naomba kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa makusudi. Chuo cha uuguzi cha hospitali ya misheni, kama kile cha Kijabe au cha Tumutumu, hutoza karo, lakini hakina mwenye hisa anayengoja mgao wa faida. Vyuo ninavyovizungumzia leo humwandikisha mwanafunzi ili mwenye mali apate chumo.

Marekani imekwisha kuipita njia hiyo. Katika karne ya 19, vyuo vingi vya udaktari huko vilimilikiwa na madaktari waliogawana karo. Kumkataa kijana asiyestahili kulikuwa kujinyima fedha. Kumwangusha katika mtihani, vivyo hivyo. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu wala si daktari, alitoa ripoti kuhusu vyuo 155 vya Marekani na Kanada. Alikuta maabara za jina tu, na wanafunzi ambao hawakuwa wamemaliza hata sekondari. Vyuo vingi vikafungwa.

Wengi humsifu Flexner wakaishia hapo. Mimi siwezi. Kati ya vyuo 7 vya Wamarekani weusi, alipendekeza viwili tu vibakie, Howard na Meharry. Vile 5 vikafungwa, na vijana wa jamii hiyo wakafungiwa mlango kwa miongo mingi. Mkaguzi naye anahitaji kukaguliwa.

Biashara yenyewe haikufa. St. George's ya Grenada ilianza kufundisha mwaka 1977, na Rocky Vista ya Colorado mwaka 2008. Wenye vyuo hivi husema wanaziba pengo la madaktari, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wahitimu wao wanatibu watu. Lakini daktari hafunzwi ubaoni peke yake. Hufunzwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na vitanda vina hesabu yake. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba St. George's ingelipa hospitali za umma za Jiji la New York dola milioni 100 kwa miaka 10, ili wanafunzi wake wapate nafasi wodini. Wakuu wa vyuo vya huko wakalalamika. Mkataba wa namna hiyo hutiwa sahihi na chuo na hospitali. Mgonjwa maskini, ambaye mwili wake ndio kitabu cha kusomea, si mshiriki.

Basi popote chuo cha namna hii kitakapoomba kibali, tudai mkataba wake na hospitali usomwe na umma kabla ya mwanafunzi wa kwanza kulipa karo. Tudai pia matokeo ya mitihani ya leseni yachapishwe, pamoja na idadi ya walioachia njiani wakiwa na madeni. Anayetoa kibali asiwe na hisa chuoni. Wakili wa chuo atasema hizo ni siri za biashara. Mjibuni kwamba leseni ya udaktari hutolewa kwa jina la umma, na umma una haki ya kuona hesabu.