Baraza la Kijiji ni la Nani?

Hotuba kwa wananchi wa Sosiot



Tuzungumze juu ya jambo ambalo halipigiwi tarumbeta wakati wa kampeni, nalo ni baraza la kijiji. Wako watakaouliza: sisi wapigania mageuzi tuna kazi gani na mambo madogo ya kijiji, ilhali mfumo wa vyama vingi ulirudi tangu kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba mwezi wa Desemba 1991? Jibu langu ni fupi. Mwananchi hupiga kura mara moja katika miaka 5, bali daraja lililobomoka hulivuka kila siku. Iwapo hana pa kuuliza habari za daraja hilo, basi kura yake imemfikisha nusu ya safari tu.

Kutawala kwa baraza si jambo geni katika nchi hii. Kabla ya ukoloni Wakipsigis walikuwa na kokwet, neno linalotaja ujirani wenyewe na pia kikao cha majirani hao. Mashauri ya mipaka, mifugo na ugomvi yalizungumzwa hadharani chini ya mti, na mzee aliyekiongoza kikao alitafuta mahali ambapo maneno ya wengi yalikutana. Hakuwa mfalme. Lakini tuseme kweli yote: katika mashauri hayo sauti ya wanawake na ya vijana ilikuwa ndogo. Tunaposifu mila yetu tusiifiche kasoro hiyo, kwa sababu ndiyo tunayotakiwa kuirekebisha.

Kisha Serikali ya kikoloni, kwa sheria ya mwaka 1924, ikaunda mabaraza ya wenyeji katika wilaya, na mwenyekiti wake akawa Mkuu wa Wilaya, Mzungu. Mwaka 1950 yakageuzwa kuwa mabaraza ya wilaya ya Waafrika, na baada ya Uhuru tukawa na mabaraza ya kaunti, likiwamo la Kipsigis. Mabaraza hayo ndiyo yaliyoshughulikia shule za msingi, afya na barabara. Lakini sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha majukumu iliyanyang'anya kazi hizo tatu, zikapelekwa kwa Serikali Kuu. Diwani akabaki na cheo bila mali, na mwananchi akabaki na diwani asiyeweza kumjengea hata kalvati.

Enzi ya chama kimoja ikaongeza chumvi kwenye kidonda. Mwaka 1983 Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa, na jiji likawekwa mikononi mwa tume iliyoteuliwa. Mwaka 1988 wananchi walipangwa foleni nyuma ya wagombea, katika uchaguzi wa mlolongo, na mara nyingine aliyekuwa na foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Huku mashinani, chifu alikuwa na sheria iliyomwezesha kuzuia mikutano na kuwalazimisha watu kufanya kazi. Makali ya sheria hiyo yalipunguzwa katika mageuzi ya mwaka 1997. Nayataja haya ili vijana wajue kwamba ukimya wa vijijini haukuwa tabia ya watu. Ulitengenezwa.

Ndugu wananchi, Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilileta ugatuzi, na serikali za kaunti zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Katiba inaziamuru kaunti nazo zigatue kazi zao, zisirundike kila kitu katika makao makuu. Kwa ajili hiyo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 iliweka ngazi: kaunti ndogo, wadi, na kijiji. Idadi ya vijiji huamuliwa na bunge la kaunti. Kila kijiji kina msimamizi, ambaye ni mtumishi wa serikali ya kaunti, na baraza lake. Msimamizi huyo ndiye mwenyekiti, naye huketi na wazee wasiopungua 3 wala kuzidi 5, walioteuliwa na kijiji kwa ushindani na kuidhinishwa na bunge la kaunti, kwa kuzingatia uwiano wa wanawake na wanaume.

Kazi za baraza hilo ni nne: kuwashirikisha wanakijiji katika utawala, kukisaidia kijiji kupata uwezo wa kujiendesha, kufuatilia iwapo sera na miradi inatekelezwa, na kumshauri msimamizi wa wadi na yule wa kaunti ndogo. Baraza si mahakama, halitozi kodi, wala haligawi zabuni. Ni jicho la kijiji, na pia ni mdomo wake.

Mtasema, jicho na mdomo vitatufaa nini? Tuchukue mfano. Tuseme barabara iendayo kwenye kituo cha kununulia majani chai imekatika wakati wa masika. Lori la kiwanda halifiki. Majani yaliyochumwa asubuhi hayangoji. Yakikaa hunyauka na kupata joto, na jasho la siku nzima hukataliwa kwenye mizani. Mtu mmoja akienda kulalamika, huambiwa hakuna fedha. Lakini baraza lijualo kazi yake hufuata kalenda ya sheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka ufuatao hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa fedha hufikishwa kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio ya matumizi huwasilishwa kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo anayeililia barabara mwezi wa Mei, mvua ikimnyea, amekwisha kuchelewa kwa miezi mingi. Baraza linapaswa kuwakutanisha watu mwezi wa Julai au mapema Agosti, liandike kumbukumbu, litaje barabara kwa jina na urefu wake, kisha lipeleke maandishi hayo kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wa wadi. Fedha zikitengwa, baraza hudai kujua ni kiasi gani na nani amepewa kandarasi. Na kandarasi ikifanywa, hutoka kwenda kuhesabu kalvati moja moja.

Wazee wetu walisema: penye wazee haliharibiki neno. Nakubali, ila kwa sharti moja: wazee hao wawe wametokana na watu. Mzee aliyewekwa na mwanasiasa ili awe tarishi wake ataliharibu neno mchana kweupe. Basari zitawaendea watoto wa jamaa, na mradi utahamia mbele ya lango la mkubwa. Tena tusichanganye mambo. Mzee anayemsaidia chifu na naibu wake yumo katika safu ya Serikali ya Kitaifa. Kazi yake ina heshima yake, lakini hawezi kuchukua mahali pa baraza la kijiji lililotajwa katika sheria ya kaunti. Chifu akiitisha mkutano, hapo baraza la kijiji halijakutana.

Sasa nifike kwenye neno zito. Nani ni mwanakijiji? Sheria inasema kwamba mzee wa baraza awe raia, awe ameishi au kuwa na mali katika kijiji hicho kwa muda usiopungua miaka 5 mfululizo, na awe mwadilifu. Haikutaja kabila. Katika nchi hii ya chai wako watu waliokuja kuchuma majani kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi, wakazeekea hapa, na watoto wao hawajui kwao pengine. Nao tunachota maji pamoja, na tunapanga foleni katika zahanati moja. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wa sehemu hizi walifukuzana, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Waliochochea walikaa mbali na moto. Baraza ambamo majirani wa kila asili huketi na kupanga kisima pamoja si dawa ya kila ugonjwa, lakini uvumi ukija usiku, watu waliozoea kuulizana watauliza kabla ya kushika rungu. Hiyo ndiyo faida isiyoandikwa katika bajeti yoyote.

Sheria hii imekuwapo tangu mwaka 2012, lakini kaunti nyingi zilichelewa kuunda mabaraza ya vijiji, zikitoa sababu ya gharama. Gharama ni hoja ya kusikilizwa, maana posho za wazee huamuliwa na bunge la kaunti na hulipwa kwa kodi yetu. Lakini tuweke upande wa pili wa mizani: barabara iliyolipiwa bila kujengwa, na zahanati iliyofunguliwa bila dawa, ni gharama ya nani? Wazee watano wenye daftari ni rahisi kuliko hasara hiyo.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, mwulizeni mwakilishi wenu wa wadi, kwa maandishi, kijiji chenu kimewekewa mipaka gani na baraza lake ni akina nani. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari. Pili, mkikuta halipo, tieni sahihi ombi kwa serikali ya kaunti. Haki hiyo imo katika sheria hiyohiyo ya mwaka 2012. Tatu, siku ya kuteua wazee, msimwachie mtu mmoja. Akina mama wafike, vijana wafike, wachumaji wa mashambani wafike, na majina yasomwe hadharani.

Mageuzi tuliyoyapigania hayakuwa ya kubadilisha watu wa kukaa mezani huko juu. Yalikuwa ya kumfanya mtu wa Sosiot aulize na ajibiwe. Kaulizeni.