Kafi si Pondo

Juma hili niwieni radhi. Nitaacha bei ya sukari na msongamano wa daladala, nizungumze juu ya kafi. Sikusema kasia. Kasia hutiwa kishwarani na huvutwa na mtu aliyeketi. Kafi hushikwa mikononi tu, wala halifungwi popote.

Mliokwenda pwani siku za mapumziko mmeuona mchezo huu: mtu amesimama wima juu ya ubao mrefu, mfano wa meza ya kupigia pasi, anajisukuma majini taratibu kwa kafi. Asili yake ni Hawaii, ambako walimu wa ufukwe wa Waikiki walikuwa wakisimama hivyo zamani, na karibu na mwaka 2000 akina Laird Hamilton wakaueneza upya. Kafi la mtu aliyeketi kwenye mtumbwi halikuwatosha, ikabidi watengenezewe marefu zaidi. Lakini marefu kiasi gani? Hapo ndipo mimi nilipoumbuka.

Julai ya mwaka jana nilikuwa Unguja, upande wa magharibi, nikakodi ubao. Kijana mwenye mbao akanipa kafi lililoegemea ukuta, ambalo mtu wa mwisho kulitumia alikuwa mgeni mmoja mrefu kama mnazi. Lilikuwa na sentimeta 210. Mimi nina 165, na hapo nimevaa viatu. Sikuuliza neno. Nilijiambia refu ndiyo bora, kama pondo. Ndugu zangu, pondo hutafuta mchanga. Kafi kazi yake ni maji ya juu tu.

Kafi likizidi urefu, kila pigo mkono wa juu unapanda juu ya kichwa, na kazi ambayo ingefanywa na kiuno na mgongo inaangukia bega. Nusu saa haikupita, bega likawaka moto. Na upande ule upepo wa kusi hutoka nchi kavu. Ukiwa karibu na ufuko huusikii, maji yametulia kama mafuta. Nilipogeuka kurudi ndipo nikatambua kwamba mtu aliyesimama ni tanga. Nikipiga hatua mbili, upepo unanirudisha tatu. Nikapiga magoti, kafi likawa refu zaidi. Mwisho nikalala kifudifudi, napiga maji kwa viganja, na mji unazidi kuwa mdogo.

Aliyenitoa ni mvuvi mmoja wa mtumbwi. Kafi lake, alilolichonga mwenyewe, lilimfika kifuani. Alinitupia kamba, akalitazama langu, akauliza: "Bwana, hilo lako au la nani?"

Basi pimeni mkiwa bado mchangani. Simamisha kafi, bapa chini, unyooshe mkono juu. Kiganja kikae juu ya kishikio kwa raha, pasipo kujivuta kwa vidole vya miguu. Kwa maji matulivu hiyo ni kama sentimeta 20 kupita kimo chako. Kwangu mimi 185 hivi. Wa mawimbini hupunguza, kwa kuwa wanakunja sana magoti. Ubao wa kujaza upepo ni mnene, aghalabu sentimeta 15, unakuinua, kwa hiyo ongeza kidogo. Ukishaingia majini, bapa lizame lote na mkono wa juu usivuke sana uso. Likiwa fupi mno utainama kama anayepalilia mpunga, na mgongo utakudai usiku.

Tena bapa lenyewe. Mtu mwepesi akipewa bapa pana bega litamuuma vilevile, hata urefu uwe sawa. Na bapa limepinda kidogo kwenye shingo. Upindo huo uelekee mbele, kule uendako. Wengi hulishika kinyume, kwa kuwa linaonekana kama kijiko. Nami nilikuwa mmoja wao.

Tulipofika pwani nilimrudishia kijana kafi lake, nikamweleza yaliyonipata. Akaniangalia kwa mshangao. Akafungua kibano kwa kidole gumba, akausukuma mti wa juu ndani ya ule wa chini kama antena ya redio, akafunga. Likawa kimo changu barabara. Sekunde tano. Nikamlipa, nikaenda kumtafuta yule mvuvi nimpe ya chai.