Misuli ya Mgonjwa wa Figo



Mgonjwa wa figo wa siku nyingi huweza kupimwa kwa mizani, uzito ukaonekana ni ule ule, na jamaa zake wakafurahi. Kumbe misuli imekwisha na pahala pake pamejaa maji! Asidi iliyozidi damuni huila misuli, na chakula nacho humchukiza. Imethibitika kwa madaktari kuwa mgonjwa aliyepungukiwa misuli, kwa kawaida, huishi muda mfupi kuliko mwenziwe. Tena kipimo cha kreatinini huweza kudanganya, kwani kreatinini yatokana na misuli yenyewe. Ikinyauka misuli, hesabu hupendeza. Basi na atazamwe ainukapo mkekani: je, ahitaji kushikwa mkono?

Liko kosa lililoenea majumbani. Kabla ya mashine, mgonjwa huambiwa apunguze nyama na maharagwe. Aanzapo kusafishwa damu kwa mashine, kama ifanywavyo Kiruddu, jamaa humshikilia katika katazo lile lile, ilhali mashine nayo humpunguzia protini. Mtu wa kilo 60 sasa huhitaji kiasi cha gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku. Yafaa jamaa wa Kibuli wamwulize daktari juu ya mayai, samaki na nyama siku ile ile mashine ianzapo.