Mwalimu wa Chekechea na Sura ya Nchi



Tumekutana kusema juu ya jambo lisilotajwa majukwaani: ni nani asimamaye mbele ya watoto wetu katika chekechea? Wapo watakaoliona dogo. Lakini mtoto wa miaka minne hamjui gavana wala mbunge. Serikali yake ya kwanza ni mwalimu. Hapo ndipo ajifunzapo ni nani husikilizwa na ni nani huchekwa kwa lafudhi yake.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi wetu tuliamini kwamba vyama vingi vingetosha kutuponya. Uchaguzi wa 2007 ulitufundisha vingine: zaidi ya watu elfu moja waliuawa, na malaki wakakimbia makwao. Chuki ile haikuzaliwa siku ya kura. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Sheria nzuri tunazo. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziwaendee watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 yakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja kutoka jamii moja.

Twajua jibu litakalotolewa: mtaala ulioanza 2017 wataka watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao, basi mgeni atafundishaje? Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Mtoto aingiaye darasani mara ya kwanza ana haki ya kueleweka.

Lakini tuitazame vyema. Lugha ya mazingira ni ya nani? Mtoto wa Waboni huko Lamu, au wa Waogiek pembezoni mwa msitu wa Mau, mara nyingi hupewa lugha ya jirani mwenye idadi kubwa, ikaitwa lugha yake. Kwa mtoto huyo, mwalimu kutoka jamii ndogo si mgeni hata kidogo. Yeye ndiye pekee amwelewaye. Basi ile asilimia 30 ni mlango pia wa wenyeji walio wachache, ambao Kifungu cha 56 cha Katiba chaagiza wapewe nafasi maalumu katika elimu na kazi. Na mijini, ambako watoto huchezea Kiswahili, lugha haiwezi kuwa kisingizio cha kumfungia mtu yeyote nje.

Wengine watasema kwamba jamii hizo hazina wenye vyeti. Hapo twawakumbusha mpango wa chekechea za madrasa ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980. Haukungoja walimu watoke mbali. Uliwachukua wanawake wa mitaa na vijiji vile vile, ukawafunza kazi. Watoto wakapata elimu ya kisasa bila kuvuliwa imani na desturi za kwao. Kilichofanyika msikitini chaweza kufanyika kanisani.

Basi tuanze nyumbani kwetu. Makanisa yana chekechea nyingi, na mara nyingi mwalimu huwa ni wa kabila la mchungaji na la wazee wa kanisa. Tutaikemeaje serikali kwa ukabila ilhali orodha yetu wenyewe ni ya ukoo mmoja? Kila parokia na ihesabu walimu wake kabla ya kuwahesabu wa kaunti.

Pili, tuiandikie Bodi ya Utumishi wa Umma ya kila kaunti, tukiomba hesabu ya walimu wa chekechea kwa jamii zao. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari hiyo.

Tatu, michango yetu ya Jumapili isomeshe walau msichana mmoja wa jamii iliyo chache, apate cheti cha ualimu, arudi afundishe kwao.

Ndugu zetu, tumepigania haki kwenye sanduku la kura. Sasa tuipeleke pale mtoto anapoketi chini kujifunza jina lake. Huko ndiko Kenya mpya itakakoanzia.