Kabla ya Kusema Ruta Imekufa

Hapa Kakuma na Kalobeyei, intaneti ikikatika kituoni tunasema ruta ni ya bei rahisi, imekufa, na anayengoja kuongea na mamake aliye Juba au Bukavu anarudi nyumbani.

Angalieni umeme kwanza. Ruta nyingi ndogo hutaka volti 12. Betri ya sola ya volti 12 ikijaa huwa na kama 12.7, lakini usiku, simu zote zikichajiwa hapo hapo, volti hushuka, na waya mrefu mwembamba huzipunguza zaidi. Ruta huzima, huwaka, huzima tena. Haijafa, ina njaa. Ipeni betri yake peke yake na waya mfupi mnene. Kama inatumia adapta, jaribuni adapta nyingine kabla ya kuitupa.

Na msiifunge chini ya mabati, jua la huku mnalijua.

Lakini jambo kubwa ni lile tundu dogo la nyuma. Ukichomeka sindano na kushikilia, mipangilio yote inafutika. Taa zitawaka vizuri, ila intaneti hakuna mpaka fundi aje, na mafundi wetu mnajua wanavyochelewa! Ukitaka kuiwasha upya, chomoa waya wa umeme, hesabu hadi 30, rudisha.

Nanyi mnaosimamia vituo, nunueni ruta mbili za aina moja. Fundi akija, aiwekee ya pili mipangilio ile ile, ikae kabatini. Ya kwanza ikigoma, yeyote aliyepo atahamisha nyaya, hata usiku.