Matunzo ya Mtoto Baada ya Talaka: Sheria na Mapato ya Mtoni Wagenia



Ndoa ikivunjika, familia zetu huanza na mahari: irudishwe au isirudishwe, kiasi gani, na nani apokee. Mtoto atakula nini, hilo huja mwisho, na mara nyingine halifikiwi kabisa. Leo naomba tuanze nalo.

Kitabu cha Sheria za Familia cha tarehe 1 Agosti 1987, kilichorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, kinasema wazi kwamba kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumtelekeza mtoto wake, awe wa ndani ya ndoa au wa nje. Talaka huwatenganisha mume na mke, lakini wajibu wa kumlea mtoto unabaki juu ya wote wawili, kila mmoja kwa uwezo wake. Kesi za talaka ni za tribinali ya amani, na kiasi cha matunzo hupimwa kwa mambo mawili: mahitaji ya anayelishwa na uwezo wa anayedaiwa.

Shida huanza pale hukumu inapoandikwa kana kwamba kila baba ni mtumishi wa serikali anayengojea mshahara. Baba wa hapa Wagenia ni mvuvi; anategemea maji. Mitego yake mikubwa huning'inia kwenye miti iliyosimikwa kati ya miamba ya maporomoko, na mto ndio unaoamua leo atapanda ukingoni na nini. Mto ukijaa au ukipungua, samaki nao hubadilika. Mkondo ukibeba miti, kazi husimama mpaka ijengwe tena. Mtu kama huyu ukimwandikia kiasi kimoja cha franka kila mwisho wa mwezi, unamwekea deni lisilolipika. Baada ya miezi michache atakuwa amekosa, ataona haya, atapita njia nyingine asikutane na mama wa mtoto wake. Na mtoto atamkosa baba pamoja na chakula.

Kipimo cha uwezo kimo ndani ya sheria yenyewe, basi kitumike kweli. Makubaliano ya Wagenia yanaweza kusema: kila anapovua, fungu fulani la samaki lipelekwe nyumbani kwa mama siku hiyo hiyo, kabla hawajaharibika. Siku za kuuza vizuri, kiasi kidogo cha pesa kitumwe kwa simu, kwa Airtel Money, Orange Money au M-Pesa, maana ujumbe wa simu ni ushahidi ambao hakimu anaweza kuusoma. Gharama za shule ziandikwe peke yake na zilipwe shuleni moja kwa moja. Elimu ya msingi katika shule za serikali imekuwa bure tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, na sare na madaftari hayakuwahi kuwa bure. Mama mwenye biashara sokoni naye aandikiwe sehemu yake.

Kiasi kisichobadilika kina hatari nyingine, na sisi Wakongo tunaijua vizuri kuliko wengi. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuzwa kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Mtoto aliyeandikiwa matunzo mwaka 1988 alikuwa hajatimiza miaka kumi na minane wakati karatasi yake ilipokuwa haiwezi tena kununua hata punje ya chumvi. Nchini Tanzania nako, sheria ya matunzo ya watoto wa nje ya ndoa iliyorithiwa kutoka enzi ya Waingereza iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilidumu mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa hiyo hukumu itaje vitu: chakula, ada, dawa. Na itaje tarehe ya kuipitia upya.

Wazee wangu, hapa nasema nanyi kwa heshima yote. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na nafasi ya kutega samaki hurithiwa humo. Ukoo unaosema „huyu ni wetu” siku ya kugawa nafasi mtoni au siku ya kupokea mahari ya binti, useme hivyo pia mtoto anapolala na njaa kwa mama yake ng'ambo ya mto, Lubunga. Sheria nayo haiishii kwa baba: deni la chakula linaweza kumfikia babu na bibi. Kumwacha mama peke yake, kisha kuja kumdai mtoto akishakua, ni dhuluma.

Tena kuna jambo dogo linalotangulia yote. Ni vigumu kwa hakimu kumdai baba ambaye hajulikani kwenye karatasi. Kuzaliwa kwa mtoto huandikishwa kwa ofisa wa hali ya raia ndani ya siku 90, na ndoa ya kimila nayo inapaswa kuandikishwa. Fanyeni hivyo wakati bado mnapendana.

Na ninyi mliokwisha kuachana, msingoje kuitwa tribinalini. Kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa tisa, kaeni na wazee wa pande zote mbili, andikeni nani ataleta nini na siku gani, tieni sahihi, kisha ipelekeni karatasi hiyo kwa hakimu aipe nguvu ya sheria.